Hewa kidogo ndani ya maji mengi

Ami yangu ni fundi wa vyombo huko Nungwi, na kila ninaporudi Unguja kwa mapumziko huniuliza swali lile lile kwa namna mpya. Safari iliyopita, baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, aliweka tezo chini akaniambia: “Mwanangu, hebu nieleze sawasawa. Unalipwa kwa kuyasafisha maji ya bahari, kisha maji yenyewe mnayatia chini ya ardhi. Kwani huko chini kuna nani wa kuyanywa?” Nilicheka, nikamjibu kwa mkato kama anavyojibu mtu aliyechoka na safari, na jibu langu halikumtosheleza yeye wala mimi. Ninaandika hapa yale niliyopaswa kumweleza siku ile, pamoja na jambo moja ambalo sikumweleza kabisa.

Kazi yangu kwa miaka 11 imekuwa kutibu maji kwenye majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza. Tunapelekwa kwa helikopta kutoka Aberdeen, tunakaa majuma mawili, tunafanya kazi saa 12 na kupumzika saa 12, kisha tunarudishwa nchi kavu kwa majuma matatu. Anayechimba kisima huonekana kazi yake siku hiyo hiyo, na anayezalisha mafuta huhesabiwa mapipa yake kila asubuhi. Anayetibu maji hana cha kuonyesha isipokuwa namba kwenye daftari, na makosa yake huonekana baada ya miaka, mara nyingi akiwa amekwisha kuhamia kwingine.

Mafuta hayakai chini ya bahari kama maji ndani ya mtungi. Yamejibana ndani ya vitundu vya mwamba, vingi vyake vidogo kuliko unene wa unywele, na kinachoyapandisha juu hapo mwanzo ni mgandamizo uliokuwemo ndani ya mwamba wenyewe. Kadiri yanavyotolewa ndivyo mgandamizo unavyopungua, na ukipungua kupita kiasi, gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta hujitenga na kutangulia kutoka, mafuta yakabaki nyuma yakiwa mazito zaidi na yasiyotaka kusogea. Dawa iliyozoeleka kwa miongo mingi ni kujaza nafasi inayoachwa: kwa kila ujazo unaotoka kwenye mwamba, ujazo unaokaribia huo wa maji hudungwa kupitia visima maalumu, ili maji yashike mahali pa mafuta na kuyasukuma kuelekea visima vya kuzalishia. Nchi kavu watu hutumia maji ya mto, ya ziwa au ya chini ya ardhi, lakini jukwaa lililo mbali na pwani limezungukwa na maji ya aina moja tu, nayo yapo hadi upeo wa macho.

Ukitaka kuona maji yanavyoweza kubadilisha hesabu, tazama Ekofisk, upande wa Norway, palipogunduliwa mafuta mwaka 1969 na uzalishaji kuanza mwaka 1971. Mwamba wa pale ni chokaa laini, na mafuta na gesi vilipotoka, chokaa hiyo ilianza kujibana kwa uzito wa miamba iliyo juu yake. Mwaka 1984 iligundulika kwamba sakafu ya bahari chini ya majukwaa imeshuka, na mwaka 1987 majukwaa ya chuma yalikatwa miguu, yakainuliwa mita 6 na kuungwa tena. Mwaka huo huo ndipo udungaji mkubwa wa maji ya bahari ulipoanza. Mgandamizo ulirudi, na mafuta ambayo mwanzoni ilikadiriwa kwamba chini ya asilimia 20 yake yangetoka, sasa yanazungumzwa kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo sakafu iliendelea kushuka kwa miaka mingine, kwa sababu maji yenyewe huilegeza chokaa ile. Mtu anayedhani kwamba maji ni kitu cha kujazia tu, kama kifusi kinavyojaza shimo, angeanzia kwenye kisa hicho.

Lita moja ya maji ya Bahari ya Kaskazini ina takriban gramu 35 za chumvi, na sehemu kubwa ni chumvi hii ya kupikia, ambayo haitushughulishi sana. Vinavyotunyima usingizi ni vitu ambavyo kwa kipimo ni vidogo zaidi: salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, kiasi cha miligramu 2,700, oksijeni iliyoyeyuka miligramu 8 au 9, na viumbe hai kuanzia bakteria hadi mabuu ya kome wanaotafuta mahali pa kujishikiza.

Tuanze na viumbe. Ami akiona chombo kimekuwa kizito hukipweleza, akasubiri maji yatoke, akakwangua chaza na mwani, akapaka deheni. Jukwaa halipweleki. Bomba la kuvutia maji limesimama wima ndani ya bahari mwaka mzima, na kama hakuna linalofanywa litakuwa shamba la kome kabla ya mwaka wa pili. Kwa hiyo tunatia klorini mdomoni mwa bomba, na klorini hiyo tunaitengeneza kutokana na maji yale yale, kwa kupitisha umeme ndani yake. Chumvi hugeuka haipokloraiti, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chupa ya Jik, na haidrojeni hutoka kama mapovu. Haidrojeni hiyo hulipuka kwa cheche ndogo tu, na kwa sababu hiyo feni husukuma hewa usiku na mchana ili kuipunguza makali kabla ya kutolewa nje, na mtambo wote hujizima wenyewe feni zikisimama. Jambo linalonipendeza katika hatua hii ni kwamba klorini haiui kwa mkono wake yenyewe. Maji ya bahari yana bromidi, miligramu zipatazo 65 kwa lita, na klorini ikishaingia huigeuza bromidi hiyo kuwa bromini kwa haraka sana, na hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kuua. Tunaendelea kuiita klorini kwa mazoea, na vipimo vyetu vinasoma zote kwa pamoja.

Kuhusu vichujio sina mengi. Vile vya kwanza huzuia vitu vyenye ukubwa wa unene wa unywele, vya pili huzuia vilivyo vidogo zaidi ya hapo mara kumi au ishirini, na vyote viwili huoshwa kwa kurudisha maji kinyumenyume. Kwa miezi kumi vichujio havidai chochote. Mwezi wa Aprili na Mei, jua linaporudi kaskazini na bahari ikachanua vijimea visivyoonekana kwa macho, huziba mara nyingi kiasi kwamba mtu wa zamu hana muda wa kumaliza chai yake.

Oksijeni ndiyo hasa kazi yenyewe. Chukua jukwaa linalodunga mita za ujazo 30,000 kwa siku, kiasi ambacho si cha ajabu katika bahari ile. Kwa miligramu 8 katika kila lita, maji hayo yamebeba kilo 240 za oksijeni kila siku inayopita. Chuma kikigeuka kutu, kila kilo moja ya oksijeni hula zaidi ya kilo mbili za chuma, maana yake ni kwamba maji hayo, yakiachwa yapite kwenye mabomba na visima vya chuma bila kutibiwa, yana uwezo wa kula zaidi ya nusu tani ya chuma kwa siku. Hayatafanya hivyo yote, wala hayatakula kila mahali kwa usawa, na huko kutokula kwa usawa ndiko kunakoumiza. Kutu inayotandazwa juu ya kilomita za bomba inavumilika, lakini oksijeni hupenda kuchimba shimo moja, na shimo dogo lenye upana wa punje ya mtama linatosha kuliondoa bomba zima kazini.

Ami anaujua ukweli huu bila hesabu. Misumari iliyo chini kabisa karibu na mkuku hukaa miaka mingi, lakini ile iliyo kwenye mstari wa maji, panapolowa na kukauka na kulowa tena, ndiyo anayoing’oa kwanza kila anapokarabati dau. Pale ndipo maji na hewa vinapokutana, na chuma hakina adui mwingine mkubwa kuliko wawili hao wakiwa pamoja.

Kuiondoa hewa ndani ya maji hufanyika kwanza kwa nguvu, kisha kwa dawa. Nguvu ni mnara mrefu uliofungwa pande zote, ambao ndani yake hewa hufyonzwa hadi kukaribia ombwe, huku maji yakichuruzika kutoka juu kupitia vipande vingi vya plastiki vinavyoyagawa kuwa utando mwembamba. Kwa upungufu huo wa mgandamizo, maji ya nyuzi 20 hukaribia kuchemka. Upande mmoja wa mnara kuna kioo kidogo cha ukaguzi, na mara ya kwanza nilipochungulia niliona maji yanatokota kama ya chai, nikagusa chuma cha nje, nikakuta ni baridi. Hewa iliyojificha ndani ya maji haiwezi kuvumilia mahali hapo, nayo hutoka. Katika baadhi ya majukwaa mapya badala ya ombwe hutumiwa gesi ya naitrojeni ambayo hupita ndani ya maji na kuifukuza oksijeni, na faida yake ni wepesi, kwa sababu mnara wa ombwe ni mrefu na mzito, na kwenye jukwaa kila tani hulipiwa.

Mnara hauwezi kumaliza kazi yote. Hushusha oksijeni kutoka miligramu 8 hadi sehemu ndogo sana ya hizo, na mabaki hayo huondolewa na dawa inayokula oksijeni, ambayo kwetu ni amoniamu baisalfaiti. Wapo wanaouliza kwa nini dawa hiyo isifanye kazi yote na mnara ukaachwa. Kila kilo ya oksijeni huhitaji zaidi ya kilo sita za dawa, kwa hiyo kilo zile 240 zingedai karibu tani moja na nusu kila siku, ikiletwa kwa meli katikati ya majira ya dhoruba. Mnara hauna budi kuwepo, na dawa hupewa lile tone la mwisho, ili kinachoingia kisimani kisizidi sehemu 10 au 20 za oksijeni katika sehemu bilioni moja ya maji. Katika mita za ujazo 30,000, hiyo ni kama nusu kilo.

Namna ya kupima kiasi kidogo namna hiyo ni jambo ambalo ningependa ami alione kwa macho yake. Mtu hawezi kuchota maji kwenye chupa akayabeba hadi maabara, kwa sababu hewa ya njiani peke yake itaharibu kipimo. Tunafungua bomba dogo la sampuli na kuyaacha maji yapite kwa dakika kadhaa ndani ya kikombe kirefu cha plastiki kinachofurika bila kukatika. Kisha tunachukua ampuli, kichupa cha kioo chenye ncha nyembamba, ambacho ndani yake kuna dawa na hakuna hewa. Ampuli huzamishwa kichwa chini ndani ya kikombe kinachofurika na ncha yake huvunjwa humo humo majini kwa kuisukuma pembeni. Utasikia tak, na maji hujivuta yenyewe ndani kujaza ombwe. Unaitoa, unafunika ncha kwa kidole chenye glavu, unaigeuza mara chache ili povu moja dogo litembee toka mwisho huu hadi mwisho ule, halafu unailinganisha na safu ya vichupa vya rangi, kuanzia kisicho na rangi hadi cha waridi iliyokolea. Sekunde 30 zinatosha. Ukichelewa kwa dakika mbili, hewa itakuwa imeingia, na utasoma hewa ya jukwaa ukidhani unasoma ya bomba.

Kuna utata ambao vitabu huutaja kwa mstari mmoja nasi tunaishi nao kila zamu. Dawa inayokula oksijeni hula klorini kwanza, kwa sababu klorini huiwahi. Ukiongeza klorini kwa kuogopa kome, unaipokonya oksijeni dawa yake. Ukiongeza dawa ili kufidia, ikibaki ya ziada bakteria wa aina fulani huipokea kama chakula. Ukipunguza klorini ili kuokoa dawa, ute wa bakteria hujenga ndani ya mnara. Hakuna kidude kimoja unachoweza kukizungusha bila kuvigusa vingine viwili, na sijawahi kumheshimu fundi anayeniambia kwamba ametatua tatizo la oksijeni bila kuniambia klorini yake ilisomaje siku hiyo.

Sasa lile jambo ambalo sikumweleza ami. Desemba ya mwaka wangu wa tatu nilikuwa zamu ya usiku kwenye jukwaa ambalo sitalitaja. Dhoruba ilizuia meli ya mizigo kwa siku tisa, na ampuli zikatuishia siku ya pili. Kulikuwa na kipimo cha umeme kilichofungwa ndani ya bomba ambacho husoma oksijeni saa zote, nacho kilisoma sehemu 8 katika bilioni, namba nzuri ambayo kila msimamizi huipenda. Niliandika 8. Usiku uliofuata niliandika 8, na uliofuata pia. Helikopta ilipoleta kisanduku cha ampuli, nilivunja ya kwanza nikaona rangi ikipanda ndani ya kioo hadi kupita kichupa cha mwisho cha safu yetu. Nilivunja ya pili nikidhani ya kwanza ilikuwa mbovu, kisha ya tatu.

Kipimo cha bombani kilikuwa kimefunikwa na ute, hakioni chochote, na namba isiyotikisika kwa juma zima ilipaswa kunitia shaka kuliko kunifurahisha. Pampu ya dawa nayo ilikuwa imejaa gesi. Ilipiga tik, tik, tik kama kawaida yake, bastola yake ikienda na kurudi, lakini haikusukuma hata tone. Nilifungua valvu ya kutolea gesi, pampu ikakohoa mara mbili, na ndani ya dakika ishirini rangi ya ampuli ilikuwa imefifia. Ni siku ngapi maji yalipita vile, jibu lilikuwepo kwenye daftari letu wenyewe, kwa sababu kiwango cha tangi la dawa nilikuwa nikikiandika kila usiku kwa mkono wangu, nacho hakikushuka hata sentimita moja kwa muda wa siku sita. Kiwango cha tangi huandikwa ukurasa wa kushoto, oksijeni ukurasa wa kulia. Sikuwahi kuzilinganisha kurasa mbili zinazotazamana.

Salfeti ina kisa chake, na kosa lake halionekani mpaka ikutane na mwenzake. Ndani ya mwamba wenye mafuta kuna maji ya kale, na katika sehemu nyingi za Bahari ya Kaskazini maji hayo yana bariamu, aina ya metali iliyoyeyuka ndani yake. Maji ya bahari yaliyodungwa yakiyafikia, bariamu na salfeti hushikana papo hapo na kuwa jiwe jeupe zito, ndani ya vitundu vya mwamba, ndani ya kisima, ndani ya valvu. Sote tunajua ukoko mweupe wa birika, hasa tuliokulia kwenye maji ya visima vya mawe ya matumbawe, na tunajua kwamba ndimu au siki huuachisha. Huu hauachii kwa ndimu, wala kwa asidi kali ya viwandani. Ndio unga ambao mgonjwa hunyweshwa hospitalini kabla ya kupigwa picha ya eksirei ya tumbo, na anaweza kunyweshwa kwa usalama kwa sababu mwili hauwezi kuuyeyusha. Bomba lililozibwa nao hukwanguliwa kwa vyuma au hukatwa na kutupwa, na kabla ya kuguswa hupimwa mionzi, kwa kuwa radiamu, metali yenye mionzi iliyomo kwenye maji ya mwamba, hupenda kujificha ndani ya jiwe hilo.

Kwa miaka mingi njia ilikuwa kusukumia visimani dawa inayochelewesha jiwe kuganda, na bado inatumika. Mwaka 1988, kwenye South Brae upande wa Uingereza, ilijaribiwa njia nyingine kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la baharini: kuiondoa salfeti yenyewe kabla maji hayajadungwa. Maji husukumwa kupitia tando zenye matundu madogo mno, ambazo huizuia salfeti kwa ukubwa wake na kwa chaji yake maradufu, lakini huiruhusu chumvi ya kawaida kupita. Miligramu 2,700 hushuka hadi chini ya 40. Kwenye jukwaa letu la mfano, tani 81 za salfeti ambazo zingeingia ardhini kila siku hubaki tani moja na kitu. Gharama yake ni kwamba takriban robo ya maji yaliyovutwa hurudishwa baharini yakiwa yamebeba salfeti iliyokataliwa, na kwamba tando hizo huharibiwa na klorini, kwa hiyo klorini yote tuliyoitia kwa bidii lazima iondolewe kabla ya kuzifikia. Salfeti inayorudi baharini hainisumbui, kwa sababu ilitoka huko. Kinachonisumbua ni mabaki ya dawa za kuua bakteria, na ninaona ni haki kwamba nchi za eneo lile, chini ya OSPAR, mkataba wa kulinda mazingira ya bahari ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki uliotiwa saini mwaka 1992, hudai kila dawa ipimwe na kupangwa kwa madhara yake kabla ya kuruhusiwa.

Watu huuliza kwa nini, tukiwa na tando, tusiyafanye maji kuwa matamu kabisa. Mawe mengine ya mchanga yana udongo wa mfinyanzi ndani yake, na udongo huo ukipata maji matamu huvimba au hujing’oa na kuziba njia. Chumvi huutuliza. Ila kuna kipimo cha katikati, chumvi kidogo lakini isiyo kidogo mno, ambacho huachisha mafuta zaidi kutoka kwenye mwamba, na kampuni ya mafuta ya BP iliijenga mitambo ya maji ya namna hiyo kwenye Clair Ridge, magharibi ya visiwa vya Shetland, jukwaa lililoanza kuzalisha Novemba 2018.

Salfeti ina ubaya wa pili. Kuna bakteria wasiotaka oksijeni, ambao huvuta pumzi kwa salfeti kama sisi tunavyovuta kwa hewa, na wanachotoa ni gesi ya mayai viza. Mwamba wa kina kile huwa moto mno kwao, lakini maji baridi tunayodunga huupoza karibu na kisima, nao hupata makazi. Miaka kadhaa baadaye mafuta huanza kutoka yakiwa na gesi hiyo, ambayo hula chuma kwa namna yake na huua watu: ikifikia sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi na mtu hainusi tena, na ikizidi sana humwangusha bila kumwonya. Tunawafuatilia bakteria hao kwa chupa ndogo zenye chakula chao, tukichanganya sampuli kwenye chupa ya kwanza, kisha sehemu ya kumi kwenye ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya sita. Chupa hukaa kwenye joto kwa majuma manne, na zenye bakteria hugeuka nyeusi tititi. Idadi ya chupa zilizogeuka ndiyo hesabu. Kwa kawaida dawa ya kuwaua hutiwa kwa wingi kwa saa chache kila juma. Wanorway walichukua njia ya werevu zaidi, kwa mfano kwenye eneo la mafuta la Gullfaks mwaka 1999, ya kutia naitreti ndani ya maji ili bakteria wa aina nyingine, wasiotoa gesi hiyo, wapate chakula na kuwashinda wale kwa chakula.

Nikiwa nyumbani huulizwa kama kazi hii itafika kwetu. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay haihitaji kusukumwa na maji, kwa sababu gesi hutanuka yenyewe, na maji yakiingia kwenye mwamba wake huifungia zaidi kuliko kuitoa. Kwa jirani zetu wa Uganda ni kitu kingine: mradi wa mafuta wa Tilenga umepangwa kudunga maji ya Ziwa Albert, ambayo salfeti yake si kitu ikilinganishwa na ya bahari, lakini oksijeni na bakteria ni wale wale, na ampuli zitakuwa hizi hizi.

Miaka sita baada ya Desemba ile, nikiwa nimerudi kwenye jukwaa lile lile, walikata kipande cha bomba la kudungia kilichoanza kuvuja tone tone kwenye unganisho. Kipande kiliwekwa juu ya benchi la karakana, kimepasuliwa kwa urefu. Nje rangi ilikuwa njema kabisa. Ndani, upande wa chini, palikuwa na mstari wa mashimo kama alama za vidole kwenye unga, na mengi yalikuwa madogo. Nililipima lililo kubwa kwa kijiti cha kina: milimita 11, kwenye ukuta uliokuwa na milimita 18. Shimo halina tarehe. Linaweza kuwa la siku zile sita, au la zamu nyingine, au la miaka yote kwa pamoja.

Mhandisi wa kutu, binti aliyeanza kazi mwaka huo, aliniuliza kama kuna lolote ninalolikumbuka kuhusu bomba hilo. Nilikwenda kabatini nikalitafuta daftari la Desemba ile, nikamfungulia mbele yake, ukurasa wa kushoto na wa kulia.